Mashine ya kupima presha nyumbani: uzoefu wetu na ya kufunga juu ya kiwiko

Mama yangu ana presha ya kupanda, na kwa muda mrefu tuliijua hali yake siku za kliniki tu. Mwaka huu tukamnunulia mashine ya kidijitali Kariakoo, kwenye duka la vifaa tiba. Naisifu kwa moyo wote, ila kuna jambo ambalo muuzaji hakutuambia.

Madukani utakuta za kufunga kwenye kifundo cha mkono na za kufunga juu ya kiwiko. Za kifundoni zinabebeka, lakini mkono ukipishana na usawa wa moyo, majibu yanapotoka. Chukua ya juu ya kiwiko, kisha angalia mkanda. Wetu ulikuwa wa mkono wenye mzunguko wa sentimita 22 hadi 32, na mama ni mtu wa mwili. Mkanda ukiwa mdogo kuliko mkono, presha inaonekana kubwa kuliko ilivyo. Mama alikuwa akiona namba zile roho inamruka. Tuliponunua mkanda mpana, namba zikashuka. Kabla hujalipa, zungusha futi ya fundi cherehani kwenye mkono wa mgonjwa, juu ya kiwiko.

Kupima kwenyewe kunataka utulivu: mgongo umeegemea kiti, miguu sakafuni, mkono juu ya meza, dakika 5 za kupumzika, na haja ndogo uwe umeshamaliza. Kwetu Temeke kazi ni kunyamaza. Jirani akipita na hodi yake, mama anaitikia.

"Mama, mashine inapima, usiongee."

"Sasa mwanangu, mtu kanisalimia nimnyamazie?"

Tunasubiri, tunaanza upya. Anapima asubuhi kabla ya dawa na tena jioni, kila safari mara mbili kwa kupisha dakika moja, mdogo wangu anaandika kwenye daftari.

Daftari hilo ndilo lililotusaidia kuliko kitu chochote. Kliniki mama alikuwa anaonekana yuko sawa. Daktari alipofungua kurasa akaona asubuhi nyingi amevuka 135/85, ambao ndio mpaka wa vipimo vya nyumbani (hospitali ni 140/90), akamwongezea dawa ya pili juu ya amlodipine, dawa ya presha aliyokuwa anameza. Na mama, ambaye zamani akijisikia vizuri aliweka vidonge kando, siku hizi anavidai mwenyewe. Presha haiumi, ndiyo maana watu wanaiacha inaharibu mishipa ya ubongo na moyo kimyakimya. Namba ameiona kwa macho yake, hatubishani tena.

Betri zinakwisha haraka, nunueni za akiba. Siku ya kliniki nendeni nayo ilinganishwe na ya pale. Na mtu akipinda mdomo ghafla, mkono ukikosa nguvu au maneno yakimvurugika, msipoteze muda kufunga mkanda. Mkimbizeni hospitali, hata kama asubuhi ile mashine ilisoma vizuri.