Nimetia blututhi kwenye redio ya zamani ya Peugeot 504: uzoefu wangu

Peugeot 504 aliyotuachia baba ni ya 1977, na redio iliyomo ni ileile aliyoikuta: Philips ya vifundo viwili, cha kushoto cha sauti, cha kulia cha kutafutia stesheni, katikati kioo cha namba na vitufe vya kubonyeza. Ina masafa ya kati (MW) na masafa marefu (LW) tu. FM haina, na stesheni ninazosikiliza hapa Tabora zote ziko FM, kwa hiyo kwa miaka mingi ilikuwa inavuma tu kama mzinga wa nyuki. Imenichukua karibu mwaka mzima kuifanya ipige, na sehemu ya hela ilipotea bure. Naandika kwa sababu magari ya umri huu bado tunayo mjini, na inaniuma kila ninapoona dashibodi nzuri imekatwa kwa msumeno ili deki mpya iingie.

Nilianza na kile kidude cha FM cha kuchomeka kwenye tundu la kiberiti, Sh 18,000. Muuzaji aliniapia kwamba kinakubali redio yoyote. Si kweli. Kinarusha sauti ya simu kwenye FM, kati ya 87.5 na 108, na redio isiyo na FM haikinasi hata ukikilaza juu yake. Nilimpa mdogo wangu mwenye IST. Kwake kinafanya kazi, ila redio nyingi za magari ya Japani huishia 90, kwa hiyo mpaka akiseti kwenye 88 au 89 hivi, pasipo na stesheni, au afunge ekspanda, kidude cha kuipanulia redio masafa ya FM. Sauti ni ya wastani.

Baadaye nikanunua deki ya flashi na blututhi, Sh 75,000, boksi limeandikwa wati 60 mara nne. Hapa nataka wenzangu wanisikilize. Geuza deki uangalie fyuzi yake ya nyuma. Yangu ilikuwa ya ampea 10. Umeme wa gari injini ikiwaka ni volti 14 hivi. Zidisha upate 140, na hapo hujatoa unaopotea kwa joto. Wati 240 zitoke wapi? Tangu siku hiyo nikienda dukani nasoma fyuzi kwanza, boksi baadaye.

Fundi wa kwanza alitaka kuikata dashibodi, kwani deki za sasa zinataka tundu la milimita 180 kwa 50 na letu ni matundu mawili ya vifundo na dirisha dogo. Nikakataa. Akaining'iniza chini ya dashibodi, akaunganisha spika ya zamani kama alivyoikuta, mguu mmoja ukiwa umefungwa kwenye bodi la gari. Deki ikapiga dakika chache, ikawa ya moto kushinda pasi, ikanyamaza moja kwa moja.

Sababu nilikuja kuelezwa na mzee mmoja wa mtaa wa Ng'ambo hapa Tabora, fundi redio tangu enzi za kaseti. Nilimpelekea vyote viwili, maiti ya deki na redio ya baba.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mwanangu. Hii ya kisasa nyaya zake zote mbili za spika zina umeme. Ukiugusisha mmoja kwenye bodi unaiua. Ya mzee wako ndiyo inayokubali mmoja ukae kwenye bodi. Aliyekufungia hakujua tofauti."

Akaifungua Philips mezani, akaipima, akasema redio ni nzima, zilizokauka ni kapasita, vile vikopo vidogo vya kutuliza umeme. Alibadilisha sita, na ule mvumo ukaisha. Nilikuwa nimekaa na redio ile miaka yote nikidhani imekufa.

Kazi ya blututhi ilinifurahisha kuliko zote. Alinunua kadi ndogo ya blututhi, Sh 12,000, upana wake kama kiberiti, akaificha ndani ya redio. Sauti yake haipiti hewani kama ya kile kidude cha kwanza. Inaingia kwa waya kwenye swichi ya sauti, na kifundo cha baba ndicho kinachoongeza na kupunguza. Redio ni ya chaneli moja na kadi inatoa mbili, kushoto na kulia. Ukizifunga pamoja kavukavu zinasukumana, kwa hiyo kila moja aliipitisha kwenye rezista yake (kipunguza umeme) kwanza, ndipo akaziunganisha. Na ili kuchagua kati ya redio na simu alitumia kitufe cha LW! Hapa kwetu hakuna stesheni ya LW hata moja. Masafa yale yalikuwa ya watu wa Ulaya. Kitufe kimekaa bila kazi tangu gari lishuke melini, leo ukikibonyeza unapata simu. Kwa nje hakijaongezwa hata kitobo kimoja.

Tatizo lilikuwa mluzi. Ukipiga resi nao unapanda, ukiachia unashuka. Chanzo ni umeme wa altaneta kuingia kwenye kadi kupitia waya wa hasi unaotumiwa na redio pia. Dawa yake ilikuwa kidude cheusi cha miguu minne kinachotenganisha umeme wa kadi na wa redio. Ukimpa fundi kazi hii, mwambie akiweke mapema, asisubiri mluzi.

Spika ya zamani karatasi yake ilikuwa imepasuka kwa jua na vumbi. Nimeweka mpya ya omu 4, na sikuangalia wati zake hata kidogo. Redio hii inatoa wati 5 hivi, basi niliangalia desibeli, yaani ukubwa wa sauti inayotoa kwa wati moja, nikachagua ya 91. Spika ya 88 ingetaka wati mara mbili ili isikike sawa, nami sina wati za kugawa. Kama utabadilisha kitu kimoja tu kwenye gari kuukuu, badilisha spika.

Safari ya kwanza nilimpeleka mama Sikonge, kilomita kama 70. Nikafungulia Kiko Kids, kisha Nyanyembe Jazz na Tabora Jazz, bendi zetu za hapahapa. Rekodi nyingi za enzi hizo ni za mono, yaani za chaneli moja, kwa hiyo spika moja haipotezi kitu: gitaa la solo linakaa mbele, saksafoni iko wazi, maneno unayasikia yote, kioo kikiwa kimeshushwa. Mama alikaa kimya mpaka tumetoka mjini, kisha akauliza, "Kwani Redio Tanzania wamerudi?"

Anayependa singeli na mtikisiko wa sabufa, njia hii haitamfaa. Besi ni ndogo na nyimbo za sasa zinasikika nyembamba. Simu ikiita, sauti ya anayepiga inatoka kwenye spika lakini yeye hakusikii, kwa sababu kadi yangu haina maikrofoni.

Jumla ya kazi iliyofaulu, kapasita, kadi, spika na ufundi, ni Sh 85,000. Umeme wa kadi unapita kwenye swichi ya redio, kwa hiyo nikizima redio nayo inazima, na nimeliacha gari wiki mbili betri ikawa na nguvu ileile. Bado nikiwasha taa za mbele kuna mkwaruzo mdogo unaobaki. Mzee anashuku waya wa hasi wa taa ya kushoto, umeota kutu pale unapofungwa kwenye bodi. Jumamosi tunausugua.