Kipimo cha gluteni cha nyumbani: kinafaa kwenye mwiko kuliko kwenye sahani

Kwa mtu mwenye ugonjwa wa siliaki, ambao kinga ya mwili huujeruhi utumbo mwembamba anapokula gluteni (protini iliyomo kwenye nafaka kadhaa), tiba ni moja tu, nayo ni kuacha gluteni maisha yote, iwe ya ngano, ya shayiri au ya nafaka iitwayo rai. Ugumu ni kwamba gluteni haina rangi wala harufu ya kuitambulisha, na kiasi kinachotosha kuujeruhi utumbo mwembamba ni kidogo hata aliyepika kwa uangalifu hawezi kuapa kwamba hakikuingia chunguni. Ndiyo maana nilivutiwa na vifurushi vya kupimia gluteni nyumbani, na baada ya kukitumia kimojawapo hadi vijiti vyake vikaisha, ninayo maoni yanayoweza kumsaidia anayefikiria kununua. Kampuni sitaitaja, kwa kuwa mengi nitakayoyasema yanahusu aina hii ya kipimo kwa jumla.

Ndani ya boksi mna vichupa vyenye majimaji ya kutoa gluteni kwenye chakula, vijiko vidogo, vijibomba vya kudondoshea, glavu, vijiti vya pamba na vijiti vya kupimia vilivyofungwa kimoja kimoja. Chakula kinasagwa hadi kiwe unga au rojo, kijiko kimoja kinatiwa kwenye kichupa, kichupa kinatikiswa kwa nguvu na kuachwa kitulie, kisha matone ya majimaji ya juu yanahamishiwa kwenye kichupa cha pili ambamo kijiti kinatumbukizwa. Baada ya dakika 10 kijiti kinasomwa kama kipimo cha mimba: mstari wa kwanza unathibitisha kwamba kipimo kimefanya kazi, na wa pili ukitokea, gluteni ipo. Kinachofanya kazi humo ni kingamwili zilizotengenezwa maabara ili zinase vipande maalumu vya protini ya gluteni. Viwanda vya chakula navyo hutumia vipimo vya msingi huohuo, isipokuwa wao wana mizani, mashine ya kusagia na wataalamu wa kuchukua sampuli, ilhali sisi tuna meza ya jikoni na kijiko cha plastiki.

Jambo lililonipendeza ni kwamba mtumiaji anachagua mwenyewe ukali wa kipimo kwa idadi ya matone. Matone machache yanaweka mpaka kwenye miligramu 20 za gluteni kwa kila kilo ya chakula, na matone mengi yanaushusha hadi miligramu 5. Hiyo 20 haikuokotwa njiani. Ndiyo kiwango cha juu ambacho Codex Alimentarius, mkusanyiko wa viwango vya kimataifa vya chakula, ilikiweka mwaka 2008 kwa chakula kinachoruhusiwa kuitwa kisicho na gluteni, Marekani ikakiingiza kwenye kanuni zake mwaka 2013, na Umoja wa Ulaya nao unakitumia. Anayekula kwa siku nusu kilo ya vyakula vilivyo ukingoni kabisa mwa kiwango hicho anapata miligramu 10 za gluteni, ilhali utafiti uliofanyika Italia na kuchapishwa mwaka 2007 ulionyesha kwamba miligramu 50 kila siku kwa miezi mitatu zinatosha kudhuru vijinyweleo vya utumbo vinavyofyonza chakula. Kipande kimoja cha mkate wa ngano kina zaidi ya miligramu 1,000, kwa hiyo tunapogombana na wenzetu juu ya makombo mezani, hesabu iko upande wetu.

Kipimo hiki kimenifaa zaidi kwenye vyombo kuliko kwenye chakula chenyewe. Katika nyumba ambamo wengine wanaendelea kula ngano, swali la kila siku ni kama chombo kilichooshwa kimetakata kweli. Nilichukua mwiko wa mbao uliooshwa kwa sabuni na kukaushwa, wenye ufa mwembamba karibu na shingo, nikausugua kwa kijiti cha pamba kilicholoweshwa kwenye majimaji ya kichupa, nikiupitisha ndani ya ufa mara kadhaa. Mstari wa pili ulianza kujichora kabla ya nusu ya muda kupita, mwanzoni hafifu kama doa la wino uliofifia, kisha ukakolea waridi mbele ya macho yetu. Meza ya jikoni iliyooshwa kwa maji ya sabuni na kitambaa safi haikuonyesha kitu, lakini meza ileile ilipofutwa kwa sponji iliyotoka kuoshea sufuria ya tambi za ngano, mstari ulitokea. Chujio la tambi nalo, pamoja na matundu yake yote yaliyoonekana safi, halikupita. Niongeze kwamba kwa muda mrefu malalamiko yangu kuhusu sponji yalichukuliwa kuwa kudeka. Tangu siku ya mstari wa waridi, hakuna aliyebisha.

Ni vyema kukumbuka, hata hivyo, kwamba kwenye vyombo jibu ni la kuwapo au kutokuwapo tu. Kiwango cha miligramu kwa kilo hakina maana juu ya meza, na mstari hafifu hauwezi kukuambia ni kiasi gani cha gluteni kingehamia kwenye chakula.

Kwenye chakula mambo yanabadilika, na hapa ndipo naona maelezo ya boksi yanaahidi kupita uwezo. Chukulia pakiti ya kilo moja ya oti, ambazo mara nyingi huchanganyika na ngano au shayiri shambani, kwenye magari au ghalani. Punje moja ya ngano ina uzito wa takriban miligramu 30 hadi 40, na karibu sehemu moja ya kumi ya uzito huo ni gluteni. Punje sita au saba tu ndani ya kilo nzima zinatosha kuivusha pakiti mpaka wa 20. Sasa kijiko cha kipimo kinachota takriban gramu moja. Uwezekano wa kijiko hicho kukutana na mojawapo ya punje hizo ni mdogo sana, kwa hiyo kijiti kitasema gluteni haipo. Na kijiko kikibahatika kuinasa punje moja, kijiti kitapiga kelele kana kwamba pakiti yote ni ngano. Majibu yote mawili ni ya kweli kuhusu kile kijiko, na hakuna linaloieleza pakiti. Anayetaka kupima nafaka ya punje hana budi kusaga kiasi kikubwa, kukichanganya vizuri, ndipo achote. Unga uliokwisha kusagwa laini unavumilika zaidi.

Vyakula vilivyochachushwa ni tatizo la namna nyingine. Katika bia ya shayiri au sosi ya soya iliyotengenezwa kwa ngano, protini imekatwakatwa vipande vidogo, na kipimo cha aina hii kinahitaji kipande kirefu cha kutosha kushikwa na kingamwili mbili kwa wakati mmoja. Kisipokipata, hakionyeshi mstari, ingawa vipande hivyo bado vinaweza kumdhuru mgonjwa. Karatasi ya maelekezo inalitaja jambo hili, lakini kwa sentensi moja iliyofichwa upande wa nyuma kwa herufi za kutafuta kwa miwani, na hilo sikulipenda hata kidogo. Kwa vinywaji na viungo vya namna hiyo, soma orodha ya viambato. Ukiona ngano, shayiri au kimea chake, weka kijiti chako akiba.

Chokoleti, kahawa na chai navyo vina kemikali zinazoikamata gluteni isitoke kirahisi kwenye sampuli, kwa hiyo visipimwe bila kiongezi maalumu, ambacho kwenye boksi langu hakikuwemo. Kuna pia kituko cha gluteni kuzidi mno: sampuli ikijaa kupita kiasi, kingamwili zinalemewa na mstari unaweza kufifia au kutoonekana kabisa. Ukishuku hivyo, punguza sampuli kwa maji na urudie.

Mkahawani sikukiona kuwa cha msaada. Kusaga chakula mezani, kutikisa vichupa na kungoja huku sahani inapoa kunawezekana, lakini ulichopima ni kona moja ya sahani. Mchuzi uliopita kwenye kijiko kingine, au kiazi kilichokaangwa kwenye mafuta yaliyokaangia ngano, hauko lazima kwenye kona hiyo. Ningependelea dakika hizo zitumike kumuuliza mpishi maswali mawili: mafuta haya yamekaanga nini, na mchuzi umekolezwa kwa unga gani.

Kwa jumla nakipa kifurushi hiki alama nzuri kama mkaguzi wa jikoni na alama hafifu kama mlinzi wa sahani. Jibu lake la kwamba gluteni ipo naliamini bila kusita. Jibu la kwamba haipo nalipokea kama habari kuhusu kile kijiko kimoja. Hakichukui nafasi ya vipimo vya damu ambavyo daktari hutumia kufuatilia kingamwili za mgonjwa, na mtu ambaye bado hajathibitishiwa ugonjwa asikitumie kama njia ya kujitibu, maana akiacha gluteni kabla ya kupimwa damu na utumbo, majibu ya hospitali yanaweza kupotoka.

Kabla ya kununua, angalia tarehe ya kuisha muda na joto la kuhifadhia, kwa kuwa vijiti huharibika kwa unyevu na pakiti ikifunguliwa inatakiwa itumike papo hapo. Na kama uwezo unaruhusu kitu kimoja tu mwezi huu, nunua kwanza chujio, mwiko na sponji vya peke yako. Boksi la vijiti linaweza kungoja.