Mbudya na watoto wakati wa vuli: uzoefu wangu

Kisiwa cha Mbudya, ng'ambo ya Kunduchi hapa Dar es Salaam, kinafaa sana kwa familia yenye watoto wadogo, hasa kuanzia Oktoba mpaka kabla mvua za vuli hazijakolea. Ila kina siku zake. Ukienda siku yoyote ilimradi ni sikukuu na mfuko unaruhusu, utarudi unawalaumu watu wa boti, unalilaumu jua, na wanao nyayo zimechubuka kwa mawe. Ukiichagua siku vizuri, hela ileile inakupa bahari iliyotulia kama maji ya beseni.

Sisi ni watu wa Sinza. Msafara wetu ni mimi, baba watoto, watoto watatu, mdogo wao ana miaka minne, na mama mkwe wangu, mzaliwa wa Kilwa Kivinje, ambaye magoti yanamsumbua lakini haachwi nyumbani na hathubutu mtu kumwambia abaki. Tunapanda daladala za Tegeta pale Mwenge, tunashuka Mtongani, halafu bajaji mpaka ufukweni Kunduchi, upande wa soko la samaki. Boti nyingine huondokea upande wa hoteli. Huko nauli iko juu kidogo, lakini una mahali pa kukaa ukingoja na choo cha kueleweka. Kwa Kunduchi unangoja umesimama, harufu ya dagaa ikikusindikiza. Wanangu wanapenda Kunduchi, kwa hiyo ubishi uliisha hapo.

Malipo yana mafungu matatu, na wengi hukasirika kwa sababu waliulizia moja tu. Kuna nauli ya boti, ambayo lazima muelewane kama ni kwenda na kurudi, na kama ni kwa kichwa au boti nzima. Kuna kiingilio cha hifadhi, ambacho ni cha serikali: raia analipa kidogo kuliko mgeni wa nje, na unadai risiti. Halafu kuna banda la kukaa kivulini, ambalo hakuna anayekutajia mpaka umeshatandika khanga. Sisi tuliambiwa ukinunua chakula banda ni bure, na wakati wa kuondoka likajitokeza kwenye hesabu. Ningekuwa natoa nyota, moja ningeikata hapo.

Sasa boti yenyewe. Safari ni fupi, dakika ishirini hivi kwa mashine nzuri, na huo ufupi ndio unaowafanya watu wa boti wachukulie mambo juujuu. Majaketi ya kuokolea walikuwa nayo, ya watu wazima. Nikauliza la mtoto liko wapi.

"Dada, huyo utampakata tu, hapa na pale tumefika."

Kabla sijajibu, mama mkwe alishaanza kurudi nchi kavu. "Mwanangu," akamwambia yule kijana, "boti ikipinduka na mimi atanipakata nani?"

Watu walicheka, lakini tulihama. Boti ya pili ilikuwa na majaketi madogo mawili, la tatu wakaliazima kwa jirani, na tukakubali kungoja. Jaketi la mtu mzima kwa mtoto wa miaka minne ni kazi bure, akiingia majini linapanda juu na yeye anachomoka chini. Kwa hiyo nauli isiwe swali lako la kwanza.

Kuhusu siku, hapa ndipo nitakapokaa kidogo, maana sijaona watu wakilizungumzia. Kuanzia Juni mpaka Septemba upepo wa kusi ndio unaotawala, na ule mlango wa bahari kati ya Kunduchi na kisiwa hurusha boti kiasi cha kuwafanya watoto watapike chai yote ya asubuhi. Oktoba kusi inalegea, kaskazi haijashika, na katikati yake ndiyo maleleji, siku za bahari tulivu. Watu wa Dar wengi tunajua hilo hata bila kulitaja, ndiyo maana sikukuu ya Mwalimu Nyerere, 14 Oktoba, ufukwe wa Kunduchi hujaa.

Lakini upepo ni nusu ya habari. Nusu nyingine ni maji kupwa na kujaa. Pwani yetu maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na wakati wa bamvua, yaani mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji hupwa sana kwenye saa nne asubuhi na kujaa kwenye saa kumi alasiri. Saa nne asubuhi ndiyo saa familia nyingi zinafika ufukweni! Boti inakuwa imesimama mbali kwenye maji, na nyinyi mnaifuata kwa miguu, tope na majani ya bahari mpaka magotini, mtoto mabegani, sufuria la pilau kichwani. Mama mkwe hawezi safari hiyo. Upande wa kisiwani nako unashukia kwenye mawe yenye makali.

Wakati wa maji mafu, mwezi ukiwa nusu, mambo hugeuka. Saa nne asubuhi maji yamejaa, boti inasogea karibu, na hata yakipwa alasiri hayaendi mbali. Bi mkubwa wetu, huyo mama mkwe, hahitaji simu kulijua hilo. Anahesabu mwezi wa Kiislamu: mwezi 8 mpaka 10, au 22 mpaka 24, ndiyo siku zake za kupanda boti. Nikaja kulinganisha na jedwali la maji kwenye simu, likakubaliana naye. Basi siku hizi tarehe ya matembezi anapanga yeye, sisi tunaomba ruhusa kazini.

Kisiwa chenyewe ni cha mawe ya matumbawe, kina mibuyu na kichaka katikati, na ufukwe mweupe unaotazama bara. Mawimbi makubwa ya bahari kuu yanapigia upande wa pili, kwa hiyo mnapoogelea pametulia na kina kinaongezeka taratibu. Mwanangu mdogo alikaa majini mpaka vidole vikakunjamana. Mkubwa alikuwa na swali kuhusu mibuyu: kama ubuyu ndio huu, mbona wa dukani ni mwekundu? Baba yake alieleza habari za rangi na sukari, na nadhani tumeharibu biashara ya muuza ubuyu wa mtaani kwetu.

Mbudya ni hifadhi tangu 1975, pamoja na Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini. Hakuna kuvua wala kuondoka na makombe au matumbawe. Wa kati alishajaza mfuko wa kaptula, na jamaa mmoja wa pale akamwonyesha, bila kufoka, kaa mdogo anayeishi ndani ya kombe la kuokota. Akamuuliza, "Ukiondoka nayo yote, huyu mwenzio atahamia wapi?" Mfuko ulimwagwa palepale. Mimi ningetumia nusu saa na vitisho. Na chombo cha kubebea vitu kiwe kikapu au begi, mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini tangu 1 Juni 2019 na kisiwani si mahali pa kujaribu bahati.

Jua la Oktoba lisikudanganye kwa sababu mawingu ya vuli yanapitapita. Karibu na tarehe 10 Oktoba, jua la Dar linapita utosini kabisa, saa sita na dakika kumi hivi mchana. Kivuli cha mti kinabaki chini ya mti wenyewe, na mwavuli unamfunika mtu mmoja aliyesimama wima. Ndiyo maana banda la makuti, pamoja na kero yake, ulichukue. Watoto waogelee asubuhi, kuanzia saa tano na nusu waje kula na kulala, warudi majini saa tisa. Bi mkubwa alilala zaidi ya wote na akakana.

Chakula ni samaki wa kukaanga, ngisi au pweza, kwa chipsi au ndizi, na kachumbari yenye pilipili isiyo na huruma. Changu ndiye ninayempendekeza. Mchague mwenyewe kwenye boksi la barafu, angalia macho na matamvua, elewaneni bei kabla hajaingia kwenye mafuta. Agizeni mara tu mnapofika, maana wapishi ni wachache, wateja ni kisiwa kizima, na tulingoja mpaka watoto wakamaliza chapati na mayai tuliyobeba kwa ajili ya jioni. Samaki alikuja mtamu, nakiri, amekauka nje na laini ndani. Maji ya kunywa bebeni ya kutosha, kila chupa inayouzwa pale imekuja kwa boti na bei yake inakwambia hivyo. Vyoo vipo, vya kawaida. Tishu ni zako.

Mvua ilitupitia mara moja. Vuli ya baharini unaiona ikija, ukuta wa kijivu kutoka mbali, halafu inakupiga kwa robo saa na kuondoka. Hiyo haina neno. Isiyofaa ni siku ambayo Mamlaka ya Hali ya Hewa imetangaza upepo mkali na mawimbi makubwa, siku hiyo hata nahodha akikuapia, baki nchi kavu. Angalieni utabiri usiku wa kuamkia safari, na tena asubuhi kabla ya kuamsha watoto.

Kama mmeshafika Kunduchi bahari ikakataa, msirudi nyumbani moja kwa moja. Yapo magofu ya msikiti wa zamani na makaburi ya nguzo, ambayo yalipambwa kwa vyombo vya kauri kutoka Uchina. Watoto wa darasa la nne kwenda juu wataelewa. Wadogo watakimbizana na mijusi. Na mvua ikiwakuta njiani, Kijiji cha Makumbusho kiko barabara hiyohiyo ya Bagamoyo, na nyumba zake za asili unaweza kuingia ndani. Wanangu waligombania kuchagua wangekaa ipi.

Bongoyo je? Boti zake zinatoka Msasani pale Slipway, kwa mwenye gari anayekaa Masaki au Mikocheni ni rahisi zaidi. Sisi wa daladala tunabaki na Mbudya. Desemba shule zikifungwa tunarudi, katikati ya wiki, na bi mkubwa ameshatoa tarehe.