Uzoefu wangu: Kutafuta marafiki ukubwani kwenye meza za wageni, chemsha bongo na kumbi za dansi

Naanza na jibu, maana wengi mnasoma ili mjue kama mtoe hela au msitoe. Ndiyo, mtu mzima anaweza kupata watu wake kupitia matukio ya chakula, vinywaji na burudani za usiku. Ila inategemea sana ni tukio la aina gani. Yapo yaliyonipa watu ninaoweza kuwapigia simu nikiugua usiku, na yapo ambayo siku iliyofuata sikukumbuka hata jina moja. Nilipohamia mji ambao sikuwa na ndugu wala jamaa, nilijiunga na karibu kila kitu kilichotangazwa: programu ya simu inayokukalisha mezani na watu usiowajua, chemsha bongo za baa (timu zinashindana kujibu maswali), jioni za kuonja mvinyo na kahawa, madarasa ya upishi, usiku wa dansi ya salsa, karaoke (kuimba mbele za watu ukifuata muziki wa mashine), matamasha ya chakula. Nimelipia mwenyewe, na hakuna aliyeniomba niandike.

Jambo hili nalichukulia kwa uzito. Shuleni na chuoni watu hukutana kila siku bila kupanga, na urafiki unajiotea wenyewe. Ukishaanza kazi, ukawa na nyumba ya kuangalia na pengine watoto, kukutana kwa namna hiyo kunakwisha, na hakuna anayekuja kukuuliza unaishije. Mwaka 2025 tume ya Shirika la Afya Duniani ilieleza kwamba mtu 1 kati ya 6 duniani anasumbuliwa na upweke. Kwa hiyo anayeandaa jioni ya watu kula pamoja, kwangu mimi, anafanya kazi ya maana, na ndiyo sababu nampima kwa ukali.

Kipimo changu ni kimoja: nikirudi wiki ijayo, nitawakuta walewale? Mwanasosholojia wa Marekani Ray Oldenburg alieleza mwaka 1989 umuhimu wa kile alichokiita mahali pa tatu, yaani pale mtu anapokwenda akitoka nyumbani na kazini, penye wenyeji wa kudumu na gumzo. Wenyeji wa kudumu ndio kiini chake. Jeffrey Hall wa Chuo Kikuu cha Kansas naye alichapisha mwaka 2018 utafiti uliokadiria kwamba zinahitajika kama saa 50 za kuwa pamoja na mtu unayemfahamu juujuu ndipo awe rafiki wa kawaida, kama 90 awe rafiki hasa, na zaidi ya 200 awe rafiki wa karibu. Sasa piga hesabu. Ukihudhuria jambo la saa tatu kila wiki pamoja na watu walewale, hizo saa 50 unazifikia kwa miezi minne hivi. Ukikimbilia tukio jipya kila wiki, kila wiki unaanza na sifuri.

Nianze na ile programu ya chakula cha jioni, kwa kuwa ndiyo inayotangazwa sana. Unajaza maswali kuhusu tabia na mambo unayopenda, unachagua siku, kisha unawekwa kwenye kundi la watu wachache, mara nyingi sita, na muda ukikaribia unaambiwa mgahawa ulipo. Uzuri wake mkubwa ni kwamba wote mmekuja peke yenu. Hakuna waliokuja wawili wawili wakakuacha unatazama sahani yako. Nimekaa na wauguzi, madereva, mwalimu aliyestaafu, kijana aliyekuwa ameanza kazi juzi, watu ambao nisingewapata popote pengine kwenye meza moja.

Lakini ukubwa wa meza ni muhimu kuliko waandaaji wengi wanavyodhani. Mtafiti wa Uingereza Robin Dunbar na wenzake walionyesha miaka ya 1990 kwamba mazungumzo yanayojipanga yenyewe hayazidi watu wanne hivi. Akiongezeka wa tano, kundi linagawanyika. Nimeliona kwa macho yangu. Meza ya sita inagawanyika vizuri na kuungana tena. Meza ndefu ya watu kumi na kitu inakufungia na wa kulia, wa kushoto na wa mbele yako, na ukipata jirani asiyependa kuongea jioni yako imekwisha. Mwandaaji bora niliyempata alikuwa akituhamisha viti baada ya kila awamu ya chakula. Vyakula vilikuja kwenye sinia za pamoja, na hilo pia lina sababu: Kaitlin Woolley na Ayelet Fishbach walichapisha mwaka 2019 majaribio yaliyoonyesha kwamba watu wasiojuana wakila kutoka chombo kimoja hushirikiana zaidi kwenye kazi inayofuata kuliko wanaokula kila mtu chake. Ukimpisha mtu kipande cha mwisho, tayari mmeshafanya jambo pamoja.

Udhaifu wa huduma hii ni mmoja na ni mkubwa. Wiki inayofuata unapewa watu wengine. Programu inaishi kwa kukuuzia kiti kipya, kwa hiyo haina haraka ya kukurudisha kwa wale wale. Kazi hiyo inabaki kwenu. Jioni zilizozaa urafiki kwangu ni zile ambazo kabla ya bili kulipwa mtu mmoja alisema wazi, "Jamani, Alhamisi ijayo tukutane sisi wenyewe," na kundi la WhatsApp likafunguliwa palepale. Ikisemwa kesho yake, imechelewa. Watu wengi husita kwa kudhani hawakupendwa. Utafiti wa Erica Boothby na wenzake wa mwaka 2018 uligundua kwamba baada ya mazungumzo na mtu mgeni, kwa kawaida tunakadiria chini kiasi alichotupenda. Ulichokidhani kuwa ni adabu tu, huenda alikifurahia kweli. Sema neno.

Kwenye malipo nina malalamiko. Huduma mojawapo niliyotumia ilikata hela ya mwezi wa pili bila kunikumbusha, na njia ya kujiondoa ilikuwa imefichwa nyuma ya kurasa nyingi za "una uhakika?". Kabla hujaweka kadi, angalia kama unaruhusiwa kulipia mara moja tu, na usome masharti ya kujiondoa. Huduma inayojiamini haikufungii mlango.

Chemsha bongo ya baa ndiyo niipendayo kuliko zote, na nashangaa wanaoidharau. Ilianzia Uingereza, kampuni ya Burns and Porter ilianza kuiandaa kwa utaratibu miaka ya 1970 ili kuleta wateja siku ambazo baa zilikuwa tupu. Hiyo asili yake ya kibiashara ndiyo inayomsaidia mpweke. Inafanyika siku ileile, saa ileile, wiki hadi wiki. Bingwa wa mpira anahitaji anayejua mito na miji mikuu, na wote wawili wanahitaji mama anayekumbuka nyimbo za zamani. Umri haugawanyi watu pale, unawaunganisha. Tena kuna ukimya wa kawaida wakati wa kuandika majibu, kwa hiyo mtu mwenye haya hapati shida ya kutafuta la kusema kila dakika. Kama huna timu, usiende ukasimame kaunta kungoja kualikwa. Mwandikie mwandaaji mapema, mwambie uko peke yako. Karibu kila wiki kuna timu iliyopungukiwa mtu, naye anaijua. Mimi niliunganishwa hivyo, na timu ile ndiyo iliyokuja kunisaidia kuhamisha vitu nilipobadilisha nyumba.

Usiku wa salsa unafuata kwa karibu, na hata asiyejua kucheza asiuogope. Kwa kawaida kuna darasa la wanaoanza kwanza, kisha ukumbi unafunguliwa kwa wote. Darasani watu husimama mduara, na kila baada ya muda mfupi mwalimu anasema badilisheni, unahamia kwa mwenza mwingine. Kabla hata muziki wa usiku haujaanza, umeshashikana mikono na kusalimiana na karibu kila aliyemo. Ni wapi pengine mtu mzima anapewa nafasi hiyo kwa heshima na bila maswali? Bronwyn Tarr, Jacques Launay na Dunbar walionyesha mwaka 2016 kwamba watu wanaocheza hatua zilezile kwa wakati mmoja hujihisi karibu zaidi na wenzao kuliko wanaocheza kila mtu kivyake. Ukiwa katikati ya mduara ule huhitaji kushawishiwa. Jambo jingine zuri ni kwamba wachezaji wengi hunywa maji, maana kizunguzungu cha pombe na mizunguko ya dansi haviendi pamoja. Angalia tu kama mwalimu anaeleza wazi, mbele ya wote, kwamba kila mtu ana haki ya kukataa kucheza na yeyote bila kutoa sababu. Asipolisema, mimi sirudi.

Karaoke nayo ina nguvu yake. Daisuke Inoue alitengeneza mashine yake huko Kobe, Japani, mwaka 1971, na tangu hapo watu waoga wameimba mbele za watu duniani kote. Kinachounganisha watu hasa ni ule mwitikio, pale ukumbi mzima unapoingia kwenye kiitikio. Utafiti mmoja wa Uingereza wa mwaka 2015 ulilinganisha madarasa ya watu wazima kwa miezi saba na ukakuta waliokuwa wakiimba pamoja waliungana haraka kuliko waliosoma ufundi wa mikono au uandishi. Mwishoni wote walifika karibu, ila waimbaji walitangulia. Chagua ukumbi wa wazi wenye watu wanaorudi. Vile vyumba vya kukodi ni vya mtu mwenye marafiki tayari.

Jioni za kuonja mvinyo au kahawa ni nzuri kwa ulimi. Kwa urafiki ni wastani, kwa sababu unatazama mbele unamsikiliza mtaalamu, na mkimaliza watu wanatawanyika. Darasa la upishi ni bora zaidi kama mnapika kwa vikundi na lina vipindi vinavyofuatana. Tamasha kubwa la chakula nenda na watu ulionao. Sijawahi kumpata mpya kule, foleni na umati havikupi nafasi.

Klabu za muziki mkubwa napenda kwenda, ila sizihesabu kwenye safari hii. Sauti ikizidi, kila mtu anapandisha yake ili asikike, jirani naye anapandisha zaidi, mpaka mnabaki kupeana ishara. Ukienda na kundi mlilokwisha kufahamiana ni furaha tupu. Ukienda peke yako ni kazi ngumu.

Nizungumzie pombe, kwa kuwa matukio mengi haya yamejengwa juu yake. Januari 2023 Shirika la Afya Duniani lilisema hakuna kiwango cha pombe kisicho na madhara kwa afya. Kila mtu ataamua lake. Kama mteja, ninachopima ni jinsi asiyekunywa anavyotendewa. Je, kuna vinywaji visivyo na kilevi vilivyofikiriwa, au ni maji ya bomba na kunyamaziwa? Je, tiketi inamlazimisha kulipia pombe asiyoitaka? Je, kuna anayemuuliza mbele ya watu kwa nini hanywi? Nimeona waandaaji wanaolijibu hili vizuri, na kumbi zao zina watu wa dini, rika na hali tofauti, wajawazito, walioacha pombe, wanaoendesha gari. Hapo ndipo jamii inapoonekana. Kundi linalohitaji chupa ili liongee, ikifika asubuhi haliongei tena.

Upande wa usalama sibishani na mtu: glasi yako isiachwe mezani, usafiri wa kurudi upange kabla hujatoka, na ndugu au rafiki mmoja ajue uko wapi. Mwandaaji mzuri ana mtu anayetambulika ambaye unaweza kumwendea ukisumbuliwa. Uliza ni nani kabla ya kununua tiketi. Jibu lenyewe litakuonyesha.

Kitu chenye faida kuliko vyote hakiuzwi. Jitolee kupanga viti, kupokea wageni mlangoni, kukusanya karatasi za majibu. Anayekaa mlangoni anajifunza majina ya wote, na wote wanajifunza lake. Hangoji kuanzishiwa mazungumzo, maana kila anayeingia lazima amsalimu. Waandaaji wengi wadogo wamechoka na wanahitaji mkono, na mara nyingi wanakuruhusu kuingia bure. Aliye na haya sana ningemshauri aanzie hapo kabla ya meza ya watu sita.

Alama zangu: chemsha bongo ya kila wiki nyota tano, salsa yenye darasa nyota tano, karaoke ya wazi nyota nne, programu ya chakula cha jioni nyota tatu na nusu, madarasa ya upishi ya vipindi nyota nne, jioni za kuonja nyota tatu, matamasha nyota mbili kwa lengo hili. Bado nalipia chemsha bongo na salsa. Ile programu nimeiacha, ingawa watu wanne niliowapata humo tunakula pamoja kila Alhamisi. Waandaaji mkisoma hapa, nawaomba mawili: anzeni mapema, ili wenye watoto na wanaoamkia kazini wabaki hadi mwisho, na wekeni siku isiyobadilika, hata kama mwanzoni watakuja watu saba tu.