Niliuliza habari ya maji, nikajibiwa habari ya ndege

"Ndege ni viumbe huru, mama, hatuwezi kukuahidi kwamba utawaona." Hilo ndilo jibu nililopata afisini baada ya kupiga simu wee, mpaka nikachoka. Kila nikilikumbuka damu inachemka upya, kwa sababu mimi sikuuliza habari ya ndege. Niliuliza habari ya maji: kwa nini walitupeleka hori la Mida wakati maji yamekupwa.

Kampuni yenyewe ni ya hapahapa Mombasa, jina naliweka kando kwa sasa. Wanauza safari ya siku moja ya kutazama ndege: alfajiri msitu wa Arabuko-Sokoke, asubuhi hori la Mida, mchana magofu ya Gede, jioni umerudi kwako. Bei si ya mchezo, na ni moja kwa kila mtu, mwenyeji na mgeni. Hilo la bei moja naomba mlishike.

Nilichokitaka mimi ni Mida. Kuna ndege weupe wa mgongo mweusi, miguu mirefu, mdomo mnene kuliko inavyostahili kichwa chao, ambao chakula chao ni kaa. Wataalamu huwaita Dromas ardeola. Hutaga huko Ghuba, Arabuni na Somalia, ndani ya mashimo wanayochimba wenyewe mchangani, kisha wanateremka kwetu na kukaa mpaka kaskazi iishe, kama majahazi ya zamani. Niliona picha yao kwenye simu ya jirani, nikaanza kuweka pesa. Bundi wa Sokoke alikuwa nyongeza tu. Tena nyongeza iliyoniletea maneno nyumbani: mamangu aliposikia nalipa pesa nikamwamkie bundi msituni, alinisomea Ayatul Kursi na kunipulizia.

Sasa, siku ya safari mwezi ulikuwa ndiyo kwanza umeandama. Mtu aliyelelewa Mji wa Kale, tena baba yake mvuvi kama marehemu wangu, haambiwi maana yake. Ni bamvua, maji ya kujaa sana na kupwa sana. Na bamvua ya kwetu ina saa zake: maji hujaa saa kumi au kumi na moja, alfajiri na jioni, hukupwa saa nne au saa tano, asubuhi na usiku. Hii si elimu ya siri. Jedwali la maji la Kilindini huchapishwa kila mwaka, na asiye na jedwali atazame juu.

Ratiba tuligawiwa ndani ya gari, tumeshapita Mtwapa. Mida: saa nne asubuhi.

Nikamwambia mwongozaji, kijana mmoja amejifunga kaki toka kofia mpaka viatu, kwa adabu kabisa: "Mwanangu, saa nne leo Mida hakuna maji. Kwa nini tusianze na Gede, Mida twende mchana?"

Akacheka. "Mama, tulia ufurahie safari. Hii kazi tunaijua."

Basi nikatulia.

Msituni, nisiseme uongo, nilifurahi. Lakini furaha ile siwapi wao. Kampuni haina mtu anayeujua msitu. Tulipofika Gede tulimchukua kijana wa Kigiriama, mmoja wa waongozaji wa palepale, na toka hapo yule wa kaki akawa abiria kama sisi. Kijana alituacha kwenye njia ya udongo mwekundu, akazama kichakani peke yake. Kichaka cha upande ule si cha kuingia na buibui: vijiti vimesukana, miba inavuta nguo, mbu hawana haya. Tulikuwa na Waholanzi wawili, mzee na mkewe, watu wapole, na mzee alikuwa ameshika darubini yake kifuani hata hapumui. Wa kaki, kwa kuona kimya kimezidi, akatoa simu na spika ndogo, apige sauti ya bundi iliyorekodiwa ili bundi aitikie. Kijana ndiyo kwanza alikuwa anatokeza. "Zima hiyo, kaka. Saa hizi wamelala." Ikazimwa.

Tukamfuata tumeinama. Akasimama, akaelekeza kidole, mimi nikaona majani makavu. Akaninong'oneza nisogee hatua moja kushoto. Nikasogea, na yale niliyodhani majani yalikuwa na masikio. Walikuwa wawili, bega kwa bega juu ya kijitawi cha kimo changu, mmoja wa kijivu, mwenzake rangi ya kutu, wadogo kiasi kwamba kila mmoja ungemfunika kwa kiganja. Yule wa kutu akafumbua jicho moja, ufa wa manjano tu, akatutazama, akalifumba. Alituona hatuna maana. Bundi huyu duniani anajulikana kwenye misitu hii yetu ya Kilifi na kwenye vilima vya chini vya Usambara huko Tanzania, basi. Mzee wa Kiholanzi machozi yalimtoka, nami, mtu niliyekuja kwa ajili ya kaa na wala kaa, nikajikuta sitaki kuondoka.

Kungekuwa na haki, hapa ningeandika nyota tano na kwenda zangu kupika.

"Twendeni, twendeni, tutachelewa Mida!" Huyo ni wa kaki. Tulifukuzwa mbele ya wale bundi, na kijana wa msituni alikuwa bado ana vingine vya kutuonyesha, ili tuwahi maji ambayo hayakuwako.

Hayakuwako. Tulipita lile daraja la mbao juu ya mikoko, linayumba, mwisho wake kibanda cha kuchungulia, na mbele ya kibanda bahari imekwenda zake. Tope, tope, kisha utepe wa maji unametameta huko ng'ambo. Ndege walikuwako, sikatai. Walikuwa vijidoa vyeupe mwisho wa tope, vinachezacheza ndani ya joto. Karibu yetu alikuwako yangeyange mmoja, na yangeyange mimi namwona bure Makupa.

Darubini ya miguu mitatu ilikuwa moja. Ikatengenezewa Waholanzi. Sawa, mzee atangulie. Akatazama, akamwachia mkewe. Mkewe akatazama kidogo, akaniona nimesimama, akanipisha mwenyewe kwa mkono, karibu. Nikainama. Yule wa kaki akaweka kiganja chake juu ya kioo.

"Ngoja, mama, wageni wamalize. Wewe ni wa hapa, hawa unawaona kila siku."

Kila siku! Wapi, Kongowea sokoni? Darajani Nyali? Ndege ninayemwona mimi kila siku ni kunguru, anayekaa juu ya waya mbele ya dirisha langu akingoja nigeuke anyakue hamri. Nililipa shilingi kwa shilingi na wale wawili. Hata chupa ya maji tulipewa moja moja sawa. Ila kwenye darubini ndiyo nikawa mwenyeji wa kungoja. Zamu yangu ilipofika, hata hivyo vijidoa vilikuwa vimeruka, vimesogea mbali zaidi. Nikaona mvuke.

Chini ya daraja akapita mvulana aliyekuwa akichimba chambo, kopo mkononi, tope mpaka magotini. "Mmekuja kuangalia ndege sahi?" akauliza, kicheko kimembana. "Njooni saa tisa. Maji yakipanda yanawasukuma mpaka hapa." Akaonyesha mahali kwa mguu. Hatua chache tu kutoka kwenye nguzo za kibanda.

Nikamgeukia mtaalamu. Nikamwambia basi twende Gede sasa, turudi hapa saa tisa, safari yetu iwe na maana. Magofu yale yamehamwa tangu karne ya 17, hayajai wala hayapwi, yatatungoja. Hapana. Chakula kimeshaagizwa hoteli fulani Watamu, ratiba ni ratiba. Sina ushahidi kwamba hoteli inampa chochote, na sitasema. Nasema tu kwamba kile chakula kilikuja baada ya muda mrefu mno kwa kitu kilichoshaagizwa, na samaki alikuwa mkavu kama... basi tu, alikuwa mkavu.

Saa tisa na kitu tulikuwa wapi? Juu ya daraja la Kilifi, tunarudi nyumbani. Chini yetu maji yanapanda kwa nguvu, yameshaingia kwenye mikoko. Nikamgusa wa kaki begani, nikamwonyesha kwa kidole, sikusema neno. Akaongeza redio.

Mtaniuliza kama safari haifai. Inafaa! Ndiyo inayoniuma. Gharama ya mafuta ileile, watu walewale, siku ileile, wangeigeuza tu: msitu, Gede, chakula, halafu Mida maji yakijaa. Haiwagharimu hata senti. Mke wa yule mzee aliniambia wao walipanga siku zao zote za Kenya kwa ajili ya hori lile, na kesho yake wana ndege ya kurudi kwao. Walinyamaza kwa sababu ni waungwana, si kwa sababu waliridhika.

Nyota nilikuwa nimeweka tatu, kwa heshima ya bundi. Kisha nikakumbuka bundi si wao, ni wa yule kijana, na kijana nilimpa changu mkononi. Nikashusha, zikawa mbili. Dereva alikuwa mtu mwema, alisimama Takaungu nikaswali bila kunung'unika, kwa hiyo mbili zikae. Halafu nikakumbuka kile kiganja juu ya kioo. Moja.

Anayetaka kwenda na aende, ila kabla hajatuma pesa aulize saa ya Mida, kisha ahesabu mwezi una siku ngapi. Akiambiwa atulie afurahie safari, ajue ni walewale.

Nimeandika haya nikidhani yamekwisha. Jana usiku afisi imenitumia ujumbe: samahani kwa usumbufu, mama, tunakupa punguzo la asilimia 10 kwa safari ijayo. Tarehe wameiweka wao wenyewe. Nikahesabu: mwezi utakuwa na siku kumi na tano, bamvua nyingine. Nikateremka kwenye ratiba. Mida, saa nne asubuhi.