Nimejifunza GIMP kwa mwongozo wa picha: uzoefu wangu

Nina studio ndogo Mwanjelwa, hapa Mbeya: pasipoti saizi, sendofu, kipaimara, na mara mojamoja harusi za Tukuyu. Nilitaka programu ya kusafishia picha isiyodai malipo kila mwezi, nikachukua GIMP. Ni ya bure. Walioianzisha ni wanafunzi wawili wa Berkeley, California, Spencer Kimball na Peter Mattis, na ilitoka mwaka 1996. Kuipata si kazi, kazi ni kuijua. Video zipo tele ila zinamaliza bando, na anayefundisha anabofya kabla hujaona alipobofya.

Kilichonifaa ni mwongozo wa PDF wenye picha ya skrini kwa kila hatua. Uprinti kwa rangi hata kama steshenari watakuchaji zaidi, kwa sababu mishale myekundu ya kuonyesha pa kubofya ndiyo inayofundisha. Unaulaza kando ya kibodi unaenda nao polepole. Umeme ukikatika, unasoma sura inayofuata.

Sura ya maski, yaani kifuniko cha kuficha sehemu za picha, ndiyo iliyonilipa. Unaiwekea leya (tabaka la picha) maski, halafu unapaka: nyeusi inaficha, nyeupe inaonyesha, kijivu inaacha nusunusu. Hakuna kinachofutwa, kwa hiyo ukila sikio la mteja unapaka nyeupe, linarudi. Kwa kubadilisha bakgraundi ya pasipoti sitaki tena njia nyingine, hasa kwa mteja mwenye nywele za afro, ambazo brashi laini inazibembeleza vizuri.

Sasa lawama. Picha za skrini ni za toleo la zamani, ikoni zina rangi, wakati kuanzia 2.10 zinakuja za kijivu. Mgeni atatafuta mpaka achoke. Kwenye 2.10 dawa ipo: Edit, Preferences, Interface, Icon Theme, chagua Color.

Lawama kubwa iko kwenye Levels, kifaa cha kurekebisha mwanga na giza, ndani ya menyu ya Colors. Chini ya ule mchoro wa vilima kuna pembetatu tatu: nyeusi, kijivu, nyeupe. Mwongozo unakupa namba za kujaza, na mfano wake ni binti wa Kizungu ndani ya chumba chenye giza. Mimi nina bibi harusi mweusi, shela jeupe, nyuma yake mawingu ya Tukuyu yanayong'aa. Ukivuta pembetatu nyeupe kama ulivyoelekezwa, uso unapata nuru kweli, lakini lesi ya shela inaungua yote kwa mwanga, inabaki nyeupe tupu, na hakuna mama wa bibi harusi atakayekulipa kwa hiyo. Achana na namba. Nakili leya, vuta ile ya kijivu kwenda kushoto mpaka uso ukae sawa, kisha maski ifiche kila kitu isipokuwa uso na mikono. Sijui kwa nini mwandishi hakuunganisha sura hizo mbili, maana zote kazifundisha vizuri.

Kwa anayeanza, naupendekeza. Ila anza na ukurasa wa mwisho, ndiko walikoficha habari ya kuhifadhi. Ctrl+S inatoa faili la .xcf lenye leya zote, hilo ni lako. La mteja linatoka kwa Shift+Ctrl+E, na jina liishie na .jpg, maana ukimtumia WhatsApp lile la .xcf, simu yake haitalifungua, naye yuko kwenye foleni ya uhamiaji.