Corolla iliyotolewa kwenye maegesho ya mashine yaliyofungwa: tathmini ya fundi

Naanza na hukumu yangu, maana wengi mnataka kujua mnunue au msinunue. Gari lililolala miaka mingi ndani ya maegesho ya mashine yaliyofungwa linafaa kununuliwa, mradi ulione likiwa bado juu ya trei yake kabla halijashushwa. Bodi utaikuta nzuri kuliko unavyotarajia. Breki zitakutesa. Na dalali atakuuzia gari lisilo na ufunguo, kwa sababu nitakayoieleza.

Kwa ambao hawajawahi kuyatumia: maegesho ya aina hii hayana njia ya kupandia magari. Unaingiza gari kwenye chumba cha chini, unalisimamisha juu ya trei ya chuma, unazima injini, unaweka gia, unavuta handibreki, unafunga milango na kuondoka na ufunguo wako. Kuanzia hapo mashine ndiyo inayofanya kazi. Lifti inanyanyua trei pamoja na gari, kisha mkono wa mashine unaisukuma kando hadi kwenye nafasi yake, ghorofa baada ya ghorofa. Ndani hakuna taa ya kueleweka, hakuna dirisha, na mteja hana njia ya kufika lilipo gari lake. Wazo lenyewe ni la zamani. Auguste Perret alijenga gereji Rue de Ponthieu, Paris, mwanzoni mwa karne ya 20, na humo magari yalikuwa yakipandishwa kwa lifti.

Watu huniuliza magari yanasahaulikaje. Hayasahauliki, yanakwama. Mashine ikizimwa hakuna dereva anayeweza kupanda akalichukua lake. Huko Hoboken, New Jersey, kuna gereji ya roboti iliyofunguliwa mwaka 2002 ikiwa na nafasi 314. Mwaka 2006 jiji na kampuni iliyoiendesha waligombana kuhusu mkataba na haki ya kutumia programu ya kompyuta, na magari yakabaki ndani kwa siku kadhaa ilhali mitambo ilikuwa palepale. Huo ulikuwa mgogoro wa siku chache, kwenye jengo ambalo bado lilikuwa na wenyewe. Sasa fikiria kampuni imefilisika, umeme umekatwa, fundi pekee aliyeujua mtambo ameshahamia kazi nyingine, na gari lililo juu lina thamani ndogo kuliko gharama ya kulishusha. Mwenye gari analipwa na bima au anachoka kufuatilia. Gari linabaki.

Magari niliyoyaona mimi yaliuzwa kwa mnada, na jengo lenyewe lilikuwa linasubiri kubomolewa. Dalali simtaji, lakini huduma yake naieleza kama ilivyokuwa. Zuri la kwanza: alikodi jenereta na fundi wa lifti, akaruhusu wanunuzi wavae kofia ngumu na kupanda ngazi ya mafundi wakaangalie. Ngazi hiyo ni nyembamba, imebanwa kati ya ukuta na minyororo, na kila ghorofa unamulika tochi unaona pua za magari zimejipanga gizani, vioo vya pembeni vimekunjwa, eriali zimeshushwa kama taratibu zilivyotaka. Baya: kwenye karatasi zake hakuandika gari lilikuwa trei ipi. Aliandika rangi, aina na namba ya chesisi, akaona imetosha. Haitoshi, kwa sababu mahali gari lilipolala ndiko kunakoeleza karibu kila kitu kuhusu hali yake.

Yaliyo chini kabisa, karibu na shimo la lifti, yalikuwa yamekula unyevu mpaka sakafu zikatoboka. Shimo lile hukusanya maji, pampu ya kuyatoa inategemea umeme, na umeme haukuwepo. Nilibonyeza kingo za milango kwa kidole, kutu ikameguka. Yaliyo juu kabisa, chini ya zege la paa, yalikuwa na tatizo jingine ambalo wengi hawalijui. Maji yanayopenya kwenye zege hubeba chokaa, na yakidondokea rangi mwaka baada ya mwaka huacha vidonda vyeupe vigumu. Siki iliyochanganywa na maji huilegeza chokaa, lakini alama iliyokwisha kuchimbwa kwenye rangi haifutiki kwa kusugua. Utapiga msasa au utapaka upya. Kulikuwa na Mercedes-Benz 190 nzuri sana huko juu, viti safi, dashibodi haina ufa hata mmoja, lakini boneti na paa vilikuwa na michirizi ya chokaa kutoka mbele hadi nyuma. Iliniuma kuiacha.

Ya katikati ndiyo ya kununua. Juu yao kuna trei nyingine iliyowakinga, na kinachodondoka ni grisi ya minyororo tu. Grisi inachukiza kwa macho, lakini inatoka kwa mafuta ya taa na kitambaa, na chini yake rangi imehifadhika.

Corolla yangu ilikuwa hapo katikati. Ni ile ya kizazi cha sita, E90, injini ndogo ya kabureta, gia za mkono. Tairi zake ziliniambia ililala tangu lini, angalau kwa kukadiria. Tairi zilizotengenezwa kuanzia mwaka 2000 zina tarehe ya tarakimu nne ubavuni, mbili za wiki na mbili za mwaka. Za kabla ya hapo zina tarakimu tatu. Zote nne za Corolla hii zilikuwa na tatu, na kashata zake, yaani meno ya tairi yanayogusa barabara, zilikuwa bado nene. Kwa hiyo hazikuisha kwa kutembea. Zilizeekea pale pale, zikiwa bapa upande wa chini na zimepasuka mbavuni. Tairi za namna hiyo hazijazwi upepo ukaendelea na safari. Zinatupwa, hata kama kashata inakushawishi.

Nizungumzie sasa breki, maana hapa ndipo maegesho haya yanapotofautiana na ua, shamba au gereji ya kawaida. Mtu anayehifadhi gari kwa muda mrefu huachia handibreki na kuweka vizuizi kwenye magurudumu. Kwenye mashine huwezi. Trei inatikisika, inageuka, inasimama ghafla, kwa hiyo kanuni ni handibreki juu na gia ndani. Kanuni hiyo ni sahihi kabisa kwa gari litakalochukuliwa jioni. Kwa gari lililobaki humo miaka mingi, liningi, yaani vipande vinavyobana ndani ya ngoma ya gurudumu ili lisimame, hushikana na ngoma kwa kutu kiasi kwamba magurudumu ya nyuma hayazunguki hata kwa kuvutwa, na waya wa handibreki hugeuka fimbo. Kwa sababu Corolla hii huvutwa na magurudumu ya mbele, gia ilikuwa imeyashika ya mbele na handibreki imeyashika ya nyuma. Magurudumu yote manne yamefungwa. Ongeza usukani uliojifunga, kwa kuwa ufunguo uliondoka na mwenyewe.

Ndiyo maana magari haya hayana funguo. Kwenye maegesho yenye wahudumu wa kukuegeshea gari, funguo hubaki ubaoni. Hapa mashine haihitaji ufunguo wako, basi unaenda nao nyumbani, na miaka ikipita unapotea huko huko. Vijana wa dalali walijaribu kuivuta Corolla kwa winchi na tairi zikaanza kuburuzika juu ya trei.

"Fundi, hili limekufa," mmoja akaniambia.

"Halijafa, limefungwa tu. Leta viroli."

Viroli ni vile visahani vyenye vigurudumu vinavyowekwa chini ya kila tairi. Gari likatoka kwa upole bila kuvunjwa kitu. Nawashauri mmuulize dalali kabla ya kulipa kama anavyo, kwa sababu nililiona Peugeot 205 moja likivutwa kwa nguvu mpaka mkono unaoshika gurudumu la mbele ukapinda. Uharibifu huo haukuletwa na miaka. Uliletwa dakika ile na haraka ya watu.

Kitasa cha mlango kilifunguliwa na fundi wa vitasa akachonga ufunguo kwa kufuata vipande vya ndani. Ufunguo huohuo ukawasha swichi. Ngoma za nyuma zina matundu mawili yenye nyuzi. Unaingiza bolti mbili za M8, unakaza moja kidogo, unahamia nyingine, unagonga pembeni kwa nyundo, unarudia. Zilitoka. Liningi zilibaki na ngozi ya kutu, silinda za magurudumu zilikuwa zimekwama, na mafuta ya breki yalikuwa ya rangi ya chai nzito. Mafuta ya breki hunyonya unyevu hewani. DOT 3, aina ya kawaida ya mafuta hayo, ikiwa mpya inapaswa kuhimili nyuzi joto 205 kabla ya kuchemka, ikishanyonya maji kiwango kinachokubalika kwa yaliyotumika ni 140 tu, na ya miaka yote hiyo sitaki hata kuyapima. Nilibadilisha mfumo mzima: masta silinda, silinda za magurudumu, mipira, waya wa handibreki. Usiniulize kama kuna njia fupi, kwa breki sina njia fupi.

Injini ilikuwa rahisi kuliko breki. Nilitoa plagi, nikatia oili kidogo kila silinda, nikaiacha ilale, kisha nikazungusha kwa spana polepole kabla ya kugusa stata. Ilizunguka. Mkanda wa taimingi nilibadilisha bila kuujadili, hata kama kwa macho ulionekana mzima, kwa kuwa mpira huzeeka ukiwa umekaa vilevile. Klachi ilikuwa imegandana na flaiwili, lile gurudumu zito la nyuma ya injini. Nilikandamiza pedali kwa ubao uliobanwa kwenye kiti usiku kucha, na asubuhi ikaachia.

Petroli ndiyo iliyonuka zaidi. Petroli ya zamani hupoteza sehemu zake nyepesi na kubaki utomvu unaonuka kama vanishi, na utomvu huo huziba jeti, yaani vitundu vidogo vya kupitishia mafuta, za kabureta. Tangi lilikuwa karibu na robo, kama magari ya watu wanaoenda kazini na kurudi, kwa hiyo sehemu ya juu isiyo na mafuta ilishika kutu kwa ndani. Tangi nililishusha, nikalisafisha, nikabadilisha mipira yote ya mafuta na chujio. Kama unalinunua gari la namna hii kwa mnada na muuzaji akakuambia "weka betri tu litawaka", mkatalie. Likiwaka na mafuta yale, uchafu wote utaingia kwenye kabureta, na utakuwa umejiongezea kazi.

Ndani ya gari ndimo palipolipa. Jua halijawahi kuigusa dashibodi ile miaka yote hiyo. Plastiki bado ni nyeusi, mikanda ya milango bado ni laini, viti havijapauka. Hakuna mkono wa mwizi uliofika: redio ya kaseti ipo, vioo vipo, hata nembo za bodi zipo zote. Panya walipita, ndiyo, wakala sufi ya chini ya boneti na kung'ata nyaya mbili za taa. Ukungu kwenye paa la ndani ulitoka kwa sabuni na kukaushwa vizuri. Mtu anayetafuta gari la zamani lenye vipande vyake vya asili hatapata mahali pengine palipovitunza hivi, na hili nalisema nikiwa nimefungua magari mengi yaliyoachwa nje.

Je, huduma yenyewe ya maegesho ya mashine nayo naipa alama gani? Naiheshimu pale inapotunzwa. Pale Wolfsburg, Ujerumani, Volkswagen wana minara miwili ya kioo ya ghorofa 20 inayobeba magari 400 kila mmoja, na magari mapya hushushwa humo yakaenda kwa wenyewe. Kwa upande mwingine, Woolwich, London, walijenga maegesho ya mashine yaliyofunguliwa na Princess Margaret mwaka 1961, mtambo ukashindwa kufanya kazi, na jengo likabomolewa. Mimi nikiingiza gari langu kwenye maegesho kama hayo nauliza swali moja kwa mhudumu: umeme ukikatika, trei inashushwaje kwa mkono, na nani anajua kuishusha? Akinijibu kwa kunionyesha krenki, pampu ya mkono au jenereta, naegesha. Akiniambia haijawahi kutokea, naondoka.

Kuhusu karatasi, msilegee. Gari kuachwa ndani ya jengo hakumfanyi mwenye jengo kuwa mwenye gari. Dalali wangu alikuwa na hati ya kisheria ya kuuza kila gari kwa namba yake ya chesisi, na nililinganisha namba ya kwenye hati na iliyopigwa kwenye chuma kabla ya kutoa hela. Magari mawili namba hazikulingana na aliyaondoa mnadani mwenyewe, jambo lililonifanya nimwamini zaidi.

Corolla sasa inatembea, inasimama vizuri, na joto la injini halipandi hata kwenye foleni. Ile 205 iliyopinda mkono wa mbele bado haijapata mnunuzi, na nimemwomba dalali anitafutie picha yake ikiwa juu ya trei. Kama ilitoka katikati nitaichukua. Mkienda wenyewe bebeni tochi ya kichwani, sumaku ya kupimia bodi iliyojazwa puti (haishiki palipojazwa), kioo kidogo cha kuchungulia chini ya sakafu, na vaeni nguo mnazoweza kuzitupa kwa ajili ya grisi.